Wimbi Lililokataa Kuondoka Gikomba

Mwezi wa Aprili 2024, mvua ilipoielemea Nairobi, nilisimama kwenye daraja la miguu kule Gikomba pamoja na watu wengine kama thelathini. Mto Nairobi ulikuwa umepanda karibu kufikia vibanda. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, nao ulibeba majani ya migomba, chupa, mbao na godoro moja lililojikunja. Kila kitu kilikuwa safarini isipokuwa wimbi moja. Mita chache kutoka darajani, upande maji yanakoelekea, mto ulizama kidogo, ukainuka kama mgongo wa ng'ombe hadi kimo cha kiuno cha mtu mzima, kisha ukaendelea na safari. Godoro lilipofika pale lilipanda, likashuka, likapotea. Wimbi likabaki.

"Hilo liko hapo tangu alfajiri," aliniambia mzee mmoja aliyeegemea mkokoteni wake. "Maji yanapita, lenyewe haliendi. Huko chini kuna kitu."

Kijana aliyekuwa karibu nasi alidhani mzee anazungumzia jini la mtoni. Mimi nilijua anazungumzia zege, au jiwe, au chochote kile kilichokuwa kimelala kitandani mwa mto. Nimepiga kasia za kayaki, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, kule Sagana kwa miaka kadhaa, na wimbi la aina hiyo nalifahamu. Kuna miji duniani ambako watu hupanga foleni wakiwa na mbao za kuteleza, kila mmoja akingoja zamu yake ya kusimama juu ya wimbi kama hilo, katikati ya jiji, mamia ya kilomita kutoka baharini. Pale darajani kijana yuleyule aliniuliza kama mtu anaweza kulipanda. Nilimjibu kwa kifupi kwamba hapana, na jibu hilo halikunitosheleza hata mimi mwenyewe. Jibu lake kamili ni refu.

Tuanze na bahari, kwa sababu ndiyo inayotuchanganya. Ukikaa Malindi au Diani ukatazama jani lililo juu ya maji mbali na ufuo, utaona wimbi linakuja, jani linapanda, linashuka, na linabaki karibu palepale. Umbo ndilo linalosafiri, maji hayaendi mbali. Mtoni mambo yamegeuzwa: maji ndiyo yanayosafiri, umbo linabaki. Kila sekunde wimbi la Gikomba lilikuwa limeundwa na maji mapya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Thika Road saa kumi na mbili jioni. Magari yanatoka mjini kwa kasi, kisha yanakuta foleni. Mkia wa foleni hiyo unaweza kukaa mahali pamoja kwa saa nzima, ilhali hakuna gari hata moja linalokaa hapo saa nzima. Kila gari linafika likiwa mbio, linapiga breki, linasongamana na mengine, linasogea polepole, linatoka. Anayetazama kutoka juu ya daraja la waenda kwa miguu huona fundo lililosimama, na ndani ya fundo hilo kila kitu kinapita. Wimbi la mto ni fundo la namna hiyo: mahali ambapo maji yaliyokuwa mbio yanalazimika kupunguza mwendo, na kwa kuwa hayawezi kubanwa yakawa madogo, yanapanda juu.

Lakini kwa nini yapande kwa ghafla, na kwa nini mahali pamoja? Fungua mfereji wa jikoni, siku ambayo maji yapo, uyaache yaanguke juu ya sinia iliyogeuzwa kifudifudi. Utaona duara. Ndani ya duara maji ni membamba kama karatasi na yana mbio. Nje yake ni mazito na ya polepole. Mpakani kuna ukingo ulioinuka. Weka ncha ya kisu ndani ya duara. Mkunjo wenye umbo la mkuki hutokea nyuma ya kisu na kufagiliwa kwenda nje, na hakuna kinachorudi upande maji yanakotokea. Weka kisu nje ya duara, na viwimbi vitasambaa kila upande. (Maji yanapokuwa membamba kiasi hicho, mvutano wa uso wake nao unachangia sana kuunda duara, kwa hiyo sinia na mto ni binamu, si mapacha. Lakini jicho linaelewa.)

Mawimbi juu ya maji ya kina kifupi yana mwendo wao, na mwendo huo hutegemea kina. Kina kikiwa sentimita 10, wimbi husafiri takriban mita 1 kwa sekunde. Kikiwa sentimita 40 ni mita 2, na kikiwa sentimita 90 ni mita 3. Anayetaka hesabu yenyewe azidishe kina kwa 9.81, kisha atafute kipeuo cha pili. Mto ukienda polepole kuliko mawimbi yake, jiwe ukilitupa ndani, viduara vyake hupanda mto na kushuka mto, kana kwamba habari za jiwe zinafikishwa pande zote. Mto ukienda kwa kasi kuliko mawimbi yake, habari haipandi tena. Maji ya juu hayajui kilichoko mbele mpaka yakigonge.

Niite hali ya kwanza maji pole na ya pili maji mbio. Wahandisi huzitenganisha kwa namba ya Froude, iliyopewa jina la William Froude, mhandisi Mwingereza wa karne ya 19 aliyechunguza meli kwa kutumia vielelezo vidogo majini. Ni mwendo wa maji ukigawanywa kwa mwendo wa wimbi. Chini ya 1, maji ni pole. Juu ya 1, ni mbio. Maji yakitoka kwenye mbio na kuingia kwenye upole, hakuna mlango wa taratibu. Yanaruka. Leonardo da Vinci aliuona mruko huo na kuuchora, na mwanzoni mwa karne ya 19 Mwitaliano Giorgio Bidone akaufanyia majaribio na vipimo.

Mruko wenyewe una tabia tofauti kulingana na namba hiyo. Ikiwa juu kidogo tu ya 1, hadi karibu 1.7, maji hujikunja katika mawimbi laini yanayofuatana, kama nguo iliyosukumwa mezani. Hayo ndiyo anayoyaota mwenye ubao. Ikipanda zaidi, kilele huvunjika, povu huanza kuporomoka kurudi nyuma, na baadaye wimbi zima hugeuka pipa la povu linalojizungusha. Tofauti kati ya mchezo na mauti, kama nitakavyoeleza, huwa kwenye sentimita chache hapa.

Kwanza, mtu anakaaje juu yake bila kusombwa? Wengi hudhani kuna kamba, au kwamba maji yanamsukuma kutoka chini. Anayeteleza mtoni anafanya jambo moja tu: anashuka mlima. Uso wa wimbi unaotazama juu ya mto ni mteremko, na uzito wake mwenyewe unamvuta ashuke kuelekea yanakotoka maji. Wakati huohuo maji yanapanda mteremko huo yakimburura kurudi nyuma. Nguvu hizo mbili zikilingana, anabaki palepale. Mtoto anayekimbia kushuka kwenye ngazi za umeme zinazopanda, pale kwenye jengo la maduka, anajua habari hii kabla ya askari wa lango kumfukuza.

Mara ya kwanza kuingia kwenye wimbi la namna hiyo nilikuwa Sagana, kwenye Mto Tana, kilomita karibu 100 kutoka Nairobi. Mwalimu alikuwa ameniambia jambo moja tu: "Usipigane na maji, na usiyainamie." Nikayainamia. Kayaki ikishuka ubavu, ukingo ulio upande wa juu ya mto ukizama hata kidogo, maji yanaukamata na kukupindua kabla hujavuta pumzi. Nilijikuta kichwa chini, pua imejaa Tana, nikitafuta kamba ya kitambaa kinachoziba mdomo wa chombo. Siku hiyo nilipinduka mara tisa. Ya kumi nikainua goti la upande wa juu, nikatulia, na ghafla kelele zote zikawa nje yangu. Kingo za mto zilikuwa zimesimama nami nimesimama, na tani za maji zilikuwa zinakimbia chini ya makalio yangu. Sijui namna nyingine ya kueleza furaha ile.

Ubao na kayaki havitaki wimbi moja. Ubao una mapezi chini yake, unahitaji uso laini na kina cha kutosha ili usigonge. Kayaki ya mchezo ni fupi, imejaa hewa, na mwenye nayo hulitaka povu, kwa sababu povu linaloporomoka ndilo linalomshika mahali pamoja anapojipindua kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana mji wa Boise, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, ulipofungua bustani yake ya maji mwaka 2012, uliweka vibao vinavyoendeshwa kwa mitambo chini ya mto, vinavyoinuliwa na kushushwa ili wimbi liwe laini kwa wenye ubao au la povu kwa wenye kayaki.

Sasa hatari, na hapa naomba msomaji asiharakishe.

Chukua mto unaoshuka nusu mita kupitia mlango wa zege. Maji yakifika chini yatakuwa na mwendo wa takriban mita 3.1 kwa sekunde. Yakiwa na kina cha sentimita 40, namba ya Froude ni karibu 1.6: wimbi laini. Ili mruko huo ukae palepale, maji pole yaliyo mbele yake yanapaswa kuwa na kina cha sentimita 71 hivi. Yakipungua, wimbi linasukumwa mbele na kutawanyika. Yakiongezeka, na hili ndilo la kutisha, maji pole yanaurukia mlango na kuufunika. Maji mbio yanapita chinichini, na juu yake uso wa mto unageuka na kutiririka kinyume, kuelekea ukutani. Kitu kinachoelea hurudishwa ukutani, kinadidimizwa, kinaibuka mbele kidogo, kinarudishwa tena. Nimeona kigogo kikizunguka hivyo mchana kutwa.

Ukuta mfupi uliokatisha mto kutoka ukingo hadi ukingo, maji yakimwagika juu yake kwa usawa, ndio mahali pabaya kuliko pote. Waokoaji wa Marekani huuita mashine ya kuzamisha. Ukiutazama kutoka upande wa juu huoni kitu, mstari tu ambapo mto unaonekana kuisha. Hauna pengo pembeni la kutokea. Maji ndani ya pipa lile yamejaa hewa, na maji yaliyojaa hewa hayambebi mtu vizuri, hata akiwa na jaketi la kuokolea. Anayeruka kumsaidia mwenzake mara nyingi huzungushwa pamoja naye. Msaada ni kamba inayotupwa kutoka ukingoni, au tawi refu, na mikono inayobaki nchi kavu.

Ajabu ni kwamba ukuta huohuo, siku ya maji kidogo, watoto wanaogelea chini yake bila shida. Siku ya maji ya wastani unaweza kutoa wimbi zuri. Siku ya gharika, maji ya mbele yakipanda, unakuwa kaburi. Zege halijasogea hata kidogo.

Hakuna mji unaojua udhaifu wa mambo haya kuliko Munich, Ujerumani. Kuna mfereji mwembamba unaoitwa Eisbach, unaochota maji yake kutoka Mto Isar na kuingia kwenye bustani kubwa ya mji. Pale unapoibuka kutoka chini ya daraja, wimbi hujitokeza juu ya vizuizi vilivyoko chini, na watu wameliteleza tangu miaka ya 1970, kwa muda mrefu kinyume cha sheria, hadi mwaka 2010 mji uliporuhusu rasmi. Mwezi wa Aprili 2025 mwanamke mmoja alinaswa chini ya maji usiku na baadaye akafariki. Wimbi likafungwa, likafunguliwa tena mwezi wa Juni kwa masharti mapya. Kisha vuli hiyo mfereji ukakaushwa na kusafishwa, kama ilivyo desturi ya kila mwaka, na maji yaliporudishwa wimbi halikurudi. Maji yale yale, daraja lile lile. Walioujua mfereji huo walielekeza kidole kwenye kokoto na mchanga uliokuwa umeondolewa kitandani. Wimbi ni kivuli cha kitanda cha mto. Ukikikwangua kitanda, kivuli kinahama.

Si lazima lijengwe. Montreal, Kanada, kuna moja ndani ya Mto St. Lawrence, karibu na majengo yanayoitwa Habitat 67, na mto wenyewe ndio uliolitengeneza. Na jirani zetu Waganda wana Nile Special, karibu na Jinja, wimbi linalowavuta wapiga kayaki kutoka pande zote za dunia. Hapo maji hayana msimu mkali, kwa sababu Ziwa Victoria ndilo tangi lake. Lakini Jinja wanajua pia kupoteza. Maporomoko ya Bujagali yalizamishwa na bwawa la umeme lililokamilika mwaka 2012, na bwawa la Isimba likafuata mwaka 2019. Umeme nauhitaji kama kila mtu, ila sijawahi kufikiria maji yale bila uchungu.

Nairobi je? Rafiki zangu huniuliza hili wakiwa na matumaini machoni, basi nimefanya hesabu. Tuuchukue ule mlango wetu wa nusu mita, wenye maji ya sentimita 40, na tuupe upana wa mita 6, ambao ni finyu kwa mchezo. Utahitaji mita za ujazo 7.5 za maji kila sekunde. Fikiria lori la maji la lita 10,000 tunaloliagiza mtaani mfereji ukikauka, na limwagwe lote kwa sekunde moja na theluthi, kisha jingine, kisha jingine, mchana kutwa. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, na mwezi wa Februari kuna sehemu nyingi unazoweza kuuvuka kwa kukunja suruali. Aprili una maji ya kutosha na ya kuzidi, lakini ndio mwezi usioingilika.

Hauingiliki kwa sababu mbili. Ya kwanza inanuka. Majitaka yakiwa mtoni, mtu anayepinduliwa mara tisa hunywa mara tisa, na homa ya matumbo, kuhara na homa ya panya havichagui mwanamichezo. Ya pili haionekani. Mto uliopita mitaani wakati wa mafuriko una mabati, nyaya, nguo, matawi na vipande vya ua wa seng'enge vilivyokwama chini. Vitu hivi hufanya kazi ya chujio: maji yanapita, mwili haupiti. Hiyo ndiyo sehemu ya jibu niliyomnyima yule kijana wa Gikomba. Hatari ya wimbi lile haikuwa kimo chake. Hakuna aliyejua lilikuwa limesimama juu ya nini.

Jina la mji huu limetoka kwenye maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Na si zamani za kale watu walipocheza juu ya maji hapa. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kama akiba ya maji ya mji, liliwahi kuwa na mashua za matanga, na wazee wanaokaa upande wa Lang'ata wanazikumbuka. Baadaye magugu na tope vikalifunika.

Tangu mwaka 2025 kumezinduliwa mpango wa kuufufua Mto Nairobi, na nauombea kwa moyo wote. Nina ombi moja tu kwa wanaochora ramani zake. Kishawishi cha kujenga kuta fupi za kukatisha mto, ili maji yakae kwa kupendeza na kuporomoka kwa sauti, kitakuwepo. Tafadhali zisiwe wima na zisifanane kutoka ukingo hadi ukingo. Panapohitajika kushusha maji, yashushwe kwa mteremko mrefu wa mawe makubwa, wenye njia ya katikati iliyo chini kuliko pembeni, ili hata Aprili mbaya kuliko zote pasiwe na pipa linalozunguka. Samaki wakirudi siku moja, watapanda kwenye mteremko huo, ukutani hawapandi. Na watoto watakaoanguka humo, kwa sababu watoto huanguka mitoni, watasukumwa mbele, hawatarudishwa ukutani.

Kwa sasa anayetaka wimbi apande matatu ya Karatina, ashuke Sagana, atafute mwalimu, avae kofia ngumu na jaketi, na akubali kupinduka.

Agosti ya mwaka uleule wa 2024 nilirudi Gikomba. Mto ulikuwa umejikusanya upande mmoja, mwembamba, mweusi. Mzee wa mkokoteni sikumkuta. Mita chache kutoka darajani, mahali ambapo wimbi lilikuwa, kulikuwa na bamba la zege lililovunjika kutoka kwenye ukuta wa ukingo na kulala kimshazari, nondo tatu zimechomoza zikiwa na vitambaa vilivyosokotana kama nywele. Maji ya kina cha kidole yalikuwa yanateleza juu ya bamba lile kwa mbio, na mwisho wake, kabla tu ya dimbwi, yaliinuka kiasi cha upana wa gumba. Mfuniko wa chupa ulikuja, ukapanda, ukashuka, ukaenda zake.

Kiwimbi kikabaki.